YAH: Mimea ya tenki la samaki mliyoniuzia imeliwa na samaki wangu aina ya pleko, na niliwaambia ninao kabla sijalipa

Mtwara Mjini

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja, habari za kazi. Naandika barua kwasababu wasapu mmeacha kunijibu, tiki za bluu naziona halafu kimya, na simu ikipokelewa naambiwa subiri kidogo boss, napigiwa muziki mpaka vocha inakata. Sasa leo nimekaa nimeandika yote, msome mpaka mwisho tafadhali.

Mi ni kinyozi hapa Mtwara. Saluni yangu ina tenki la samaki la lita 300, lipo pale wateja wanapokaa kusubiri zamu, na mtoto akiletwa kunyolewa ndo dawa yake ya kunyamaza, anakodolea samaki mi namaliza kichwa. Humo ndani nina pleko wawili. Kwa faida ya huyo kijana wenu wa kasta kea, maana nahisi hajawahi kumwona live, pleko ni jamii ya kambale, kwao Amerika Kusini, mwili mgumu kama amevaa bati na mdomo uko chini ya kichwa, anajibandika kwenye kioo ananyonya. Nilinunua wana urefu wa kidole, sahivi mkubwa nikiweka rula nje ya kioo anagonga sentimita 28, na bado anakua, hao wanavuka hata 40.

Kabla sijalipa hata senti nilituma picha ya hao wawili na nikauliza kwa Kiswahili cha kueleweka kabisa, mimea yenu itakaa na hawa? Jibu nililopewa: "Haina shida boss, pleko anakula ule ukijani wa kwenye vioo tu, majani hagusi." Skrinshoti ninayo, na nimeiambatanisha. Nikalipa 103,000 kwa mpesa siku hiyohiyo: amazoni sodi 4, kabomba vifungu 4, anubiasi 3 na bambuu ya maji 2, juu yake 7,000 ya basi. Mzigo nikaupokea stendi jioni, mimea imefungwa magazeti yenye maji, na kusema ukweli ilifika vizuri, sodi zina majani mapana ya kijani yanang'aa, hata mteja aliyekuwa kwenye kiti akasema leo umeweka shamba.

Shamba lenyewe lilikaa usiku wa kwanza tu.

Usiku wa pili umeme ulikatika nikafunga mapema, nikawa nafagia nywele kwa tochi ya simu, nikasikia krrr, krrr, kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria. Nikamulika kwenye tenki. Mkubwa amelala juu ya jani la sodi, jani limepinda kwa uzito wake, mdomo umeganda hapo na unatembea taratibu kuanzia kwenye kikonyo kuja nchani, anapopita nyama ya jani inabaki kama nailoni, unaona mpaka changarawe za upande wa pili. Mdogo yuko kwenye jani la chini yake anafanya hivyohivyo. Asubuhi majani sita yalikuwa chandarua. Siku ya tano sodi zote nne zimebaki vikonyo, na kabomba ndo usiseme, ile laini kama nyuzi, wakipita tu na hayo mapezi yao inang'oka inaelea, nikawa naiokota kwenye filta kila asubuhi kabla sijafungua.

Nilipolalamika mkaniambia eti pengine siwalishi ndo maana wana njaa. Hapa mlinikosea sana. Hawa samaki kila usiku wanapata tango, nalichoma kijiko cha chuma ili lizame, siku nyingine kipande cha boga nilichochemsha kidogo, na kuna gogo la mpera kavu humo wanalikwangua watakavyo. (Jamaa mmoja alinishauri niweke gogo la mkorosho maana ndo miti yetu huku, nikakataa, maji ya ganda la korosho tu yanaunguza mikono ya wabanguaji sasa mi nikamtumbukizie samaki mti wake?) Pleko hata ashibe, jani pana na laini kwake ni sahani, anakwangua ule utando uliojishika juu yake na jani lenyewe linaondoka humohumo. Na sodi ndo jani analolipenda kuliko yote. Hilo limenichukua jioni mbili kulijua, mi kinyozi, nyie ambao ndo kazi yenu mlishindwaje kuniambia?

Ungeniambia tu, boss, kwa samaki hao chukua javafeni na anubiasi, ukitaka na javamosi ya kuvisha mawe, sodi waachie wenye samaki wadogo. Javafeni na anubiasi majani yake magumu kama ngozi, na wala hazitaki changarawe, unazifunga kwenye jiwe au gogo kwa uzi, kwahiyo hata pleko akichimbua chini hana cha kung'oa. Au mngeniambia hao pleko wakubwa tafuta wa kuwachukua uweke wale pleko wadogo wa ndevu, ansistrasi, wanaoishia sentimita 12 hadi 15 na hawana fujo hivyo kwenye majani. Ningewasikiliza na ningenunua hivyohivyo kwenu, maana hela nilikuwa nayo mkononi.

Afu hiyo anubiasi, ambayo ndo pekee ilikuwa sahihi kwenye mzigo wote, mmeiua kwa karatasi yenu ya maelekezo. Imeandikwa "panda kwenye changarawe ufukie vizuri". Nikafukia vizuri. Anubiasi ina kile kishina kinene kinacholala kama tangawizi, huku kwetu ungedhani ming'oko, vile viazi vya porini, mizizi ndo inaweza kuingia chini lakini kishina kinatakiwa kibaki juu, ukikifukia kinaoza. Wiki ya tatu nikavuta moja ikatoka majani mkononi, chini kumebaki uji mweusi unanuka. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilipona kwasababu kipande kilidondoka nyuma ya jiwe sikukiona, nilipokiona nikakifunga hapohapo kwa uzi mweusi wa kushonea. Leo kina jani jipya na pleko anapita juu yake kama hakioni.

Bambuu ya maji sitaki kuisema sana. Ule ni mmea wa nchi kavu jamani, wanauweka kwenye vazi mezani mizizi ikiwa majini na majani nje. Mmeniuzia nizamishe mzima, umegeuka njano umeoza, na maji yakachafuka nikabadilisha nusu tenki mara mbili kwa wiki moja, ndoo kwa ndoo.

Sasa jibu lenu la mwisho kwenye simu lilikuwa mimea ilifika hai, kikifika hai biashara imeisha. Nina mteja wangu mwanasheria, nilimsimulia wakati namchonga ndevu akaniambia ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji anaitaka bidhaa kwa kazi gani na akategemea utaalamu wake, bidhaa itatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Mi niliwaeleza kwa picha kabisa. Na kuna Tume ya Ushindani, FCC, ambao na wao wanashughulika na mlaji aliyepotoshwa. Sijaenda huko, nimeanza na nyie.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie hela yangu kwa namba ileile niliyolipia, ndani ya siku 14 tangu mpate barua hii, msinipe vocha ya kununulia tena kwenu maana sitanunua. Karatasi ya anubiasi muirekebishe, kuna mtu mwingine sahivi anafukia kama nilivyofukia mimi. Bambuu muitoe kwenye mimea ya tenki. Na huyo kijana mumwelekeze, simtakii afukuzwe kazi, alinijibu kwa heshima tu ila alijibu asichokijua.

Hesabu yenyewe: 103,000 ya mimea na 7,000 ya basi ni 110,000. Anubiasi iliyopona mliniuzia 9,000, ninayo na inakua, hiyo nimeitoa. Inabaki 101,000.

Picha nimeambatanisha tano: skrinshoti, risiti ya mpesa, jani la sodi la usiku wa pili, kishina kilichooza, na hiyo anubiasi kwenye jiwe.

Wenu mteja,
Kinyozi, Mtwara.