Barua kwa Ami, Mkomani

Leicester

Ami mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi imetuganda mifupani.

Mwana Esha kanipigia simu akaniambia daktari kakukataza sigara kwa ajili ya presha, nawe ukamjibu kwamba siku ukitaka kuacha utaacha, huna haja na "plasta za Wazungu", hizi za kubandika ngozini za kuachia sigara. Nimeona heri nikuandikie, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno.

Ami, ushujaa wako hakuna anayeutilia shaka. Ramadhani nzima huigusi sigara tangu alfajiri. Lakini adhana ya magharibi ikilia, tende moja tu na mkono ushaingia mfukoni. Hiyo ni nikotini, kile kilevi kilichomo kwenye tumbaku. Moshi huifikisha kwenye ubongo kwa sekunde chache, na ubongo uliozoeshwa hivyo hudai haki yake. Ukiukatia ghafla, siku za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote: hasira, usingizi kuruka, na yale maneno unayowarushia wenzio pale barazani Mkunguni.

Plasta nayo ina nikotini, sikufichi. Ila hupita kwenye ngozi polepole kwa saa nyingi, na haina ile lami ya moshi wala ile hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Na si mambo ya Wazungu: Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, pamoja na chingamu ya nikotini.

Mimi nilisaidiwa na mfamasia wa mtaani kwetu hapa. Swali lake la kwanza lilikuwa: ukiamka, sigara ya kwanza unaivuta baada ya muda gani? Anayevuta ndani ya nusu saa uraibu wake umeshika, na dozi hafifu haitamtosha. (Wewe unavuta kabla ya kwenda kusali alfajiri, Ami. Wote nyumbani tunajua.) Kila wiki nilipuliza kwenye kimashine kinachopima kaboni monoksaidi kwenye pumzi. Kuiona ile namba ikishuka kulinipa moyo kuliko nasaha zote.

Athmani anakuja kwa Maulidi, nimempa maboksi yako ya plasta na chingamu. Kabla ya kufungua, mwonyeshe daktari wa hospitali ya King Fahd, kwa sababu ya hiyo presha. Akikubali, na ikiwa bado unavuta zaidi ya sigara kumi kwa siku, utaanza na plasta za miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Usikatize njiani kwa kujiona umepona. Bandika asubuhi, begani au kifuani pasipo na nywele, pakavu kabisa, na uikandamize kwa kiganja. Kwa jasho la Lamu isipokandamizwa itabanduka. Kesho yake bandika mpya, mahali pengine. Ndoto zikikusumbua, ivue usiku. Iliyotumika ikunje uitupe mbali na wajukuu.

Hamu ikikubana ghafla, ndipo chingamu. Usiitafune kama miraa! Tafuna taratibu mpaka uhisi ukali, halafu iegeshe shavuni, ukali ukiisha utafune tena. Plasta na chingamu pamoja hufaa kuliko kimoja peke yake. Kwenye saumu chingamu haifai. Plasta, maulamaa wengi wanasema haifunguzi, lakini muulize sheikh wako moyo utulie.

Halafu kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini liiondoe kahawa mwilini upesi. Ukiacha, vikombe vilevile vya kahawa tungu vitakukesha, nawe utasema plasta ndiyo mbaya. Punguza, na usinywe ukiwa na chingamu mdomoni, maana huizuia nikotini isiingie vizuri.

Kama unataka mtu wa kuzungumza naye mbali na masikio ya baraza, piga 1192, simu ya NACADA, ile mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni bure.

Nisalimie wote, wa Langoni na wa Shela. Na Shangazi asikucheke: tumbaku anayoitia kwenye tambuu nayo ina nikotini, tena huleta saratani ya kinywa. Barua yake naiandaa.

Mwanao,
Shee