Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi, wazazi wetu, walimu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Hamjambo!

Kwa niaba ya Chama cha Mazingira cha shule yetu hapa Shinyalu, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umefika kabla ya saa nne, na jambo hilo limetutia moyo, kwani wageni wengine tuliwangoja hadi kivuli cha mwembe kikahama.

Chama kilianza mwaka 2016 kikiwa na wanachama 12. Leo tuko 41. Tumepanda miche kando ya mto, tumechimba shimo la takataka, na shairi letu kuhusu Msitu wa Kakamega lilishika nafasi ya tatu katika tamasha, nafasi ambayo shule hii haikuwahi kuiota.

Hata hivyo, fahari yetu kuu ni ekari moja ya nyasi nyuma ya uwanja wa mpira. Humo anaishi panya-milia, ambaye wataalamu humwita Lemniscomys striatus. Tafadhali usimfananishe na panya wa jikoni. Huyu ana mgongo wa hudhurungi wenye madoadoa yaliyopangwa mstari kwa mstari kama shanga, hutembea mchana, na hula nyasi, mbegu na wadudu. Ukiinama asubuhi utaona vijia vyake chini ya nyasi, upana wa vidole viwili, na vipande vya mabua aliyoyakata akaviacha njiani. Carl Linnaeus wa Uswidi alimwandika mwaka 1758, naye hadi leo anapita nyuma ya goli letu.

Mheshimiwa, kila kiangazi shamba hilo huchomwa, na moto ukikosa, ng'ombe hulimaliza. Februari iliyopita, majivu yakiwa bado ya moto, tulikuta kiota: tufe la nyasi lenye ukubwa wa balungi, limeungua upande mmoja. Ndani mlikuwa na vichanga watano ambao macho yao hayajafunguka. Wote walikuwa wamekufa. Mwenzetu wa gredi ya sita aliwafukia kwa mikono yake, na siku hiyo hakuna aliyecheza mpira.

Dawa yake ni ua. Mwaka 2023 mgeni wetu wa siku hiyo aliahidi seng'enge mbele ya wazazi hawa hawa, nasi tukapiga makofi. Wazazi waliamini, wakakata mikaratusi yao wenyewe, wakatuletea vigingi 90. Mwaka 2024 mgeni mwingine alisema tumkumbushe kwa barua. Tuliandika barua tatu, na nakala anazo mlezi wetu. Jibu lilikuja moja tu: mnyama huyo hayumo hatarini, kwa hiyo hakuna fungu lake.

Kwa heshima zote, tunaomba tulijibu hilo mbele yako. Ni kweli, katika Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya shirika la kimataifa la uhifadhi inayoonyesha viumbe walio hatarini na wasio hatarini, panya-milia amewekwa katika kundi la wanyama wasiotia wasiwasi, kwa sababu ameenea kutoka Afrika Magharibi hadi huku kwetu, na kusini hadi Angola na Malawi, na huweza kuishi hata kando ya mashamba. Lakini orodha hiyo huhesabu bara zima. Haihesabu ekari yetu. Akiisha hapa hatatoka mwingine Angola kuja Shinyalu, na bundi na nyoka wanaomtegemea watahamia kwenye vifaranga vya mama zetu. Tena, kwa nini tungoje aingie hatarini ndipo apate fungu?

Mheshimiwa, hatuombi basi wala maabara. Tunaomba roli mbili za seng'enge, kilo tano za misumari yake, na slasha sita za kufyekea ukanda wa kuzuia moto. Waya utamzuia ng'ombe, na panya-milia atapita chini yake bila shida. Kazi ya kujenga wazazi wamekubali kuifanya bure kwa Jumamosi mbili.

Kiangazi kinaanza Desemba. Kwa unyenyekevu mkubwa, tunakuomba ututajie tarehe leo, mbele ya wazazi, na katibu wetu ataiandika. Vigingi vimelala nyuma ya jiko na mchwa wameshaanza kuvila. Karibu uvione kabla ya chakula cha mchana.

Ahsante.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Mazingira.