Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu: ile mashine uliyokabidhi wiki iliyopita niliibuni mimi

Mheshimiwa Mbunge,

Salamu kutoka karakana, na heshima yako naiweka mbele kabla sijasema lolote. Nimekupigia simu, nimeongea na msaidizi wako, nimekuja ofisini nikaambiwa uko bungeni Kampala, nikarudi nikaambiwa umetoka saizi tu. Ndio maana leo naandika mbele ya kila mtu, njia ingine sina.

Wiki iliyopita ulikabidhi mashine za kubangua karanga kwa vikundi vya akina mama pale gombolola, yaani makao ya kata yetu. Nilikuwepo, nimesimama nyuma karibu na spika. Ulisema zimetoka nje ya nchi kupitia mradi wa wafadhili na kwamba zitamaliza shida ya mama zetu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, maana akina mama hawana kosa lolote hapo na mashine wanaihitaji kweli. Alafu watu walipotawanyika nikasogea kuiangalia kwa karibu, miguu ikaniisha nguvu.

Mheshimiwa, hiyo ni mashine yangu. Sisemi inafanana, nasema ni yenyewe. Kwenye mguu wa kulia wa mashine yangu kuna tundu moja ambalo halina kazi ya kushika chochote cha mashine, nililitoboa kwa ajili ya ndoano ya kuninginizia gunia, juu mama mmoja jirani yangu aliniomba hivyo. Hizo mlizogawa zina lile tundu, mahali pale pale, na ndoano hakuna. Aliyeziunda hata hajui lile tundu ni la nini. Amepima kila kitu akaiga na hilo pia. Nikauliza nani ameleta, nikaambiwa nisilete fujo kwenye shughuli ya serikali.

Wacha nieleze kwa wale wasiojua. Mashine za kubangua karanga zipo dunia nzima, sikuwahi kudai kwamba mimi ndio wa kwanza kubangua karanga kwa mashine. Shida ya zile za zamani ni kwamba nafasi kati ya rola na wavu ni moja tu, na karanga za shambani hazilingani, kuna kubwa kuna ndogo kwenye gunia moja. Ukibana nafasi, kubwa zinavunjika punje. Ukiachia, ndogo zinapita na maganda yake. Nilichobuni mimi ni wavu uliokaa juu ya springi kwa vipande, kila kipande kinarudi nyuma chenyewe karanga kubwa ikipita na kinarudi mbele ikija ndogo, na rola nimeivalisha mpira wa tairi kuukuu badala ya chuma, alafu mkono ule ule wa kuzungusha unaendesha na feni ya kupepeta maganda. Haihitaji umeme wala mafuta. Kazi ya kupata springi yenye ugumu unaofaa peke yake ilinila miaka, nilikuwa nachukua springi za viti vya magari mabovu, za pikipiki, za magodoro, nakata najaribu tena, mke wangu akawa anauliza hizi karanga zinazopondwa kila siku nani atazila.

Na sio suala la kurahisisha kazi tu. Mama akibangua kwa mkono ananyunyizia maji ili ganda lilainike vidole visichubuke, na yale maji ndio yanaleta ukungu, na ukungu ndio unatoa sumukuvu, ambayo ukiila kwa miaka inakuletea kansa ya ini. Karanga iliyovunjika nayo inashika ukungu haraka kuliko nzima. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, ukizidi hapo mzigo wako hauna soko halali. Sote tunakumbuka Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani na wakulima wakauza kwa bei ya kutupa. Mimi nilikuwa nafikiria hayo yote wakati nachomelea. Nilitaka karanga ibanguliwe kavu na itoke nzima, basi.

Sasa turudi kwako Mheshimiwa. Ulikuja mwenyewe karakana kabla ya uchaguzi. Ulizungusha mkono wa mashine kwa mkono wako, ukacheka, ukaita wapiga picha. Ukasema vijana wenye vipaji kama mimi hawatapotea tena wakati wewe upo, ukaniambia niilete kwenye maonyesho ya wabunifu uwanja wa shule ili wakubwa waione. Nikauliza kuhusu patenti, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige ubunifu wangu, nakumbuka vizuri, na mashahidi wapo. Ukaniambia tuonyeshe kwanza, mambo ya karatasi tutayashughulikia baadaye, wewe mwenyewe utanipeleka Kampala.

Hapo kwenye "kwanza" na "baadaye" ndipo niliposikia uchungu baadaye nilipoanza kuelewa sheria. Sheria yetu ya mali ya viwanda ya 2014 inataka vitu vitatu ili upate patenti: kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya ubunifu ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kirahisi, na kiweze kutumika kiwandani au shambani. Kipya maana yake hakijawekwa wazi mbele ya watu. Ukikianika uwanjani watu wakaona kinavyofanya kazi, wakapiga picha, wakazirusha WhatsApp, umeshajiweka hatarini kupoteza haki kabla hujaishika, na nchi nyingi za nje hazitakusikiliza kabisa. Mkataba wa Paris ambao Uganda imo tangu 1965 una kinga ya muda kwa vitu vilivyoonyeshwa kwenye maonyesho rasmi ya kimataifa. Uwanja wa shule ya msingi wenye mahema na soda sio maonyesho ya kimataifa, Mheshimiwa.

Kwa hiyo serikali inatuita tuje tuonyeshe, inatupa cheti cha ushiriki na fulana, na kule kuonyesha ndio kunatuua. Hakuna aliyetuambia hata mmoja. Tulikuwa wengi pale, kuna dada alileta jiko, kuna mzee alileta pampu ya maji ya kukanyaga, kuna mwanafunzi alileta kifaa cha kuzima boda ikiibiwa. Wote tulisimama pale tunaeleza kila nati na kila waya kwa kila aliyeuliza, juu tuliambiwa hao ni wageni wa serikali tuwape ushirikiano. Kuna jamaa mmoja alikuja na futi akapima mashine yangu yote, nikamuuliza wewe ni nani akasema yuko na mradi. Mimi nadhani picha na vipimo vilitokea hapo vikaenda kwa mwagizaji, sina ushahidi wa kupeleka mahakamani lakini lile tundu la gunia haliwezi kusafiri peke yake mpaka kiwanda cha nje.

Na ile safari ya Kampala uliyoahidi sikuiona. Nilienda mwenyewe kwa basi. Ofisi ya usajili ni URSB, na nimekuta kwamba ina matawi mpaka Mbale, Gulu, Arua na Mbarara, hilo ni zuri na wengi hawalijui. Lakini patenti sio kama kusajili jina la biashara. Unatakiwa uandike maelezo ya kitu chako mpaka fundi mwingine aweze kukiunda akisoma, uweke michoro, muhtasari, na zaidi ya yote uandike madai. Madai ndio patenti yenyewe, sentensi chache zinazosema mpaka wa haki yako unaishia wapi. Ukiandika "mashine ya kubangua karanga" unakataliwa juu zipo tayari. Ukiandika "mashine yenye springi ya milimita kadhaa" jirani anabadilisha springi kidogo anakukwepa. Mtu aliyesoma mpaka senior four kama mimi, tena kwa Kiingereza cha sheria, ataandikaje hiyo? Nilienda kwa wakala mmoja mjini, pesa aliyotaja ilikuwa zaidi ya ile shilingi milioni moja ambayo kaya inapata kwenye PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, na hapo bado hujalipia ombi lenyewe, bado hujalipia ada za kila mwaka za kuiweka hai. Patenti ni miaka 20 lakini usipolipa inakufa kabla.

Alafu hata ukiipata, ni ya Uganda tu. Mimi niko karibu na mpaka, soko langu nusu liko Kenya. Patenti ya Uganda haimzuii mtu wa ng'ambo pale kutengeneza mashine yangu mchana kweupe. Ipo njia ya ARIPO, shirika la nchi kadhaa za Afrika la mali bunifu kule Harare, ombi moja unataja nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, lakini ada zake zinahesabiwa kwa dola. Ukishafaili, yaani ukishapeleka ombi nyumbani, una miezi 12 ya kufaili nchi zingine ukahesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Miezi 12 kwa fundi anayetafuta ada ya shule ni muda wa kupepesa macho. Kuna na njia ndogo ya kusajili ubunifu mdogo, inafaa mafundi kama sisi kuliko patenti kubwa, nayo hakuna aliyekuja kutuambia.

Nilipoona zile mashine nilienda polisi. Kijana wa pale alinisikiliza kwa heshima kabisa, alafu akaniuliza cheti kiko wapi. Nikakaa kimya. Nina picha zako ukiwa umeshika mkono wa mashine, nina fulana ya maonyesho, nina daftari langu lenye michoro na tarehe, cheti sina.

Tunajua nchi hii inaweza ikitaka. Gari la umeme la Kiira EV lilitoka Chuo Kikuu cha Makerere 2011 na serikali ikalishika mkono mpaka likawa kampuni na mabasi. Brian Gitta na wenzake walishinda ile Africa Prize, tuzo ya ubunifu wa uhandisi ya 2018, pauni 25,000, kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu, na tulijivunia wote. Lakini hao walitoka chuo kikuu na karibu na maofisi, walikuwa na watu wa kuwaambia subiri usionyeshe. Mafundi wa mitaa ya Katwe na Kisenyi kule Kampala na sisi wa huku vijijini tunaunda vitu kila siku na hatuna mtu huyo. Sera ya Buy Uganda Build Uganda, ya kununua vinavyotengenezwa nchini, ipo tangu 2014, na bado mashine ya kubangua karanga ya mama wa Uganda imeletwa kwa kontena wakati aliyeibuni anaishi kilomita chache kutoka hapo ulipokata utepe. Tenda yenyewe ilitaka kampuni iliyosajiliwa, hesabu zilizokaguliwa, barua ya benki. Mimi nina karakana ya mabati na vijana watatu ninaowafundisha kuchomelea, ambao saizi hawana kazi kwa sababu nani atanunua kwangu kitu kinachogawiwa bure?

Mama mmoja wa kikundi amenipigia juzi, mashine waliyopewa imeshakwama. Springi zimelegea, walitumia springi laini. Ananiomba nikatengeneze. Nitaenda, maana yule mama hajanikosea. Lakini Mheshimiwa fikiria, naitwa nikatengeneze bure nakala mbovu ya kitu changu ili mradi ulioninyang'anya uonekane umefanikiwa.

Sikuombi pesa. Nilikuwa nataka kudai fidia, rafiki zangu wananiambia dai, na labda nitadai siku nikipata wakili. Nilitaka pia useme jina langu hadharani, na hilo bado nalitaka, useme tu mbele ya wale akina mama kwamba mashine hii ilibuniwa hapa. Lakini kubwa kuliko yote ni moja, na hilo unaliweza bila bajeti. Nasikia mwezi ujao kuna maonyesho mengine ya wabunifu, mabango yameshabandikwa, na picha yako ipo. Usiruhusu mtu yeyote aweke kitu chake uwanjani kabla ombi lake halijapokelewa na kupewa namba na tarehe. Waite watu wa usajili waje hapa wiki moja kabla, wakae darasani na mafundi, wasaidie kuandika madai, wapokee maombi, ndipo mfungue mahema. Ikishindikana, ahirisha maonyesho. Yule mwanafunzi wa kifaa cha boda nimeambiwa amejiandikisha tena na ametengeneza kipya kizuri zaidi. Nimemwambia asilete. Amenijibu kwamba Mbunge mwenyewe ndiye aliyemuomba.

Mpigie simu huyo kijana leo, Mheshimiwa. Mwambie afaili kwanza. Na kama hutampigia, basi nijibu hapa hapa kwa nini.

Wako kwa heshima,

Fundi wa mashine za karanga,
mashariki mwa Uganda