Anayemsimamisha mwanafunzi masomo asiwe ndiye anayemsikiliza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakuu wa vyuo vya Mtwara na Lindi kuhusu jambo moja. Ushauri nasaha utengwe na nidhamu. Anayewasikiliza wanafunzi awe mtu mwingine, akae kwenye mlango mwingine, na asiingie katika kikao kinachoamua nani asimamishwe masomo.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Chuno hapa Mtwara. Vyumba vya uani nimewapangisha wanachuo. Wananiita bibi, na wengine wananilipa kodi kidogo kidogo. Nakubali, maana najua hela zao zinakotoka. Wengi ni watoto wa wakulima wa korosho: Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, Ruangwa. Vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba, na minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza. Mzee ameshapeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, stakabadhi anayo mkononi, lakini fedha haijaingia benki. Chuoni ada inadaiwa sasa. Mtoto akipiga simu nyumbani anaambiwa, "Vumilia mwanangu, mnada wetu bado." Anavumilia mpaka jina lake linabandikwa ubaoni pamoja na waliozuiwa kufanya mtihani. Mwenye mkopo wa serikali naye anangojea bumu, hela yake ya kujikimu, na likichelewa anakula mara moja kwa siku, usiku.

Nimeanza na korosho kwa sababu wapo wanaosema sonona, ule ugonjwa wa huzuni kali, ni mambo ya watoto wa mjini waliodekezwa. Ninaowaona mimi hawajadekezwa na mtu. Kwao shida huanzia kwenye ada, kwenye sapu, yaani mitihani ya marudio, mbili tatu, mimba, msiba wa nyumbani ambao hakwenda kwa kukosa nauli. Kisha usingizi unakatika. Anaamka saa tisa za usiku na halali tena. Chakula hakipiti kooni. Dirisha linabaki limefungwa mchana kutwa, ndoo ya maji ipo pale pale, nguo zimeloweka tangu juzi. Wenzake wanasema ana ringo, nyumbani wanasema karogwa. Hali hiyo ikidumu wiki mbili, karibu kila siku, sisi wauguzi tulifundishwa kutoihesabu tena kuwa huzuni ya kawaida. Ni ugonjwa, na unatibika, kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa zake huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu, na ndiyo maana anahitaji mtu wa kumshika mkono asiziache njiani.

Kijana mmoja aliyepanga kwangu, mtu wa Tandahimba, mpole, fundi wa kurekebisha redio, alianza kugawa vitu vyake. Redio akampa jirani, madaftari akampa mwenzake wa darasani, kisha akaja kunilipa deni lote la kodi kwa mara moja. Nilimkalisha barazani nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Alilia. Watu wengi wanaogopa swali hilo wakidhani litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Swali halimpi wazo hilo, linampa nafasi ya kulitoa. Nilimuuliza pia kwa nini hakwenda kwa mshauri wa chuo chake, maana yupo na ofisi anayo. Akanijibu: "Bibi, yule ndiye aliyeniandikia barua ya onyo."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nikuandikie, Mhariri. Chuo hicho sikitaji, kwa sababu si peke yake. Sehemu nyingi ofisi ya mlezi wa wanafunzi ndiyo hiyo hiyo inayogawa vyumba vya hosteli, inayopokea kesi za ulevi na ugomvi, inayoandika barua za onyo, na inayotarajiwa kufuta machozi. Waliopo humo si watu wabaya. Nawafahamu baadhi yao, wanachoka sana. Lakini mwanafunzi anapopima maneno yake mlangoni, anajiuliza yataishia kwenye faili gani. Msichana mwenye mimba hasemi. Mvulana anayevuta bangi ili apate usingizi hasemi. Na aliyewahi kujaribu kujidhuru ana hofu kubwa zaidi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Sheria hiyo naona ingefaa ifutwe, lakini hilo ni la Bunge. La vyuo ni mlango.

Wazee wetu wa kusini walilijua hili. Binti akivunja ungo hakufundwa na mama yake mzazi, alipewa somo wake, mtu wa kumwambia yale asiyoweza kumwambia mama anayemchapa na kumlisha. Mama hakuonekana mbaya kwa hilo. Kazi zilikuwa mbili, na watu wawili.

Najua nitajibiwa kwamba wataalamu wa saikolojia hawatoshi na fedha hakuna. Ni kweli hawatoshi. Basi tutazame Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha akina mama watu wazima wa mitaa ya Harare kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Mgonjwa anaulizwa maswali 14 yaliyotungwa kwa Kishona, kisha anasaidiwa kuchagua tatizo moja, moja tu, na kutafuta hatua ya kulikabili kabla ya kikao kinachofuata. Aliyezidiwa anapelekwa kwa wataalamu. Utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale akina mama hawakuwa na shahada. Walikuwa na mafunzo, msimamizi, na muda. Mtwara na Lindi zina wauguzi na walimu wastaafu wangapi wanaokaa nyumbani wakiwa na nguvu zao?

Kwa walio katika hatari kubwa, hospitali tunazo: Ligula ya mkoa, na ile ya rufaa ya kanda pale Mitengo. Chuo kiwe na makubaliano nazo mapema, ijulikane mwanafunzi akipelekwa usiku anapokelewa na nani na nauli inatoka wapi. Haya hayapangwi saa nane za usiku mtoto akiwa amezimia.

Chumba chenyewe cha ushauri kisiwe ndani ya jengo la utawala. Kikiwa karibu na maktaba, anayeingia anaonekana kama anakwenda kusoma. Kifunguliwe jioni, kwani asubuhi wapo darasani. Siri ibaki siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, na mwanafunzi aambiwe hivyo tangu mwanzo kabla hajafungua kinywa.

Nanyi wenzangu wenye nyumba za kupangisha, Chuno, Shangani, Magomeni, na kule Lindi mjini: mlango ukifungwa siku mbili, gongeni. Msigonge kwa ajili ya kodi. Yule kijana wa Tandahimba tulikwenda naye hospitali kwa bajaji asubuhi yake, akaanza matibabu, akaahirisha masomo mwaka mmoja, na sasa amerudi darasani.

Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya inakaribia. Kila chuo huwagawia karatasi yenye sheria za hosteli na adhabu zake. Naomba mwaka huu iongezwe karatasi ya pili, yenye jina la mtu wa kuwasikiliza, chumba anachokaa, saa anazopatikana, na sentensi moja inayosema mtu huyo hana mamlaka ya kumfukuza yeyote.

Muuguzi mstaafu,
Chuno, Mtwara