Mgosi Hamza, usikate tiketi kwa kuitazama ratiba

Mbagala, Dar es Salaam
Septemba 2025

Kwako mgosi wangu Hamza,

Ama baada ya salamu, mimi na wa nyumbani tu wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nimeanza hivyo kusudi, ili mwalimu wetu wa Kiswahili wa pale Ngamiani asipate la kunilaumu. Sasa tuje kwenye la maana.

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na ile picha ya ratiba uliyoizungushia wino mwekundu kwenye mechi ya Coastal Union yetu na Simba pale Mkwakwani, Tanga. Unaniuliza kama uombe likizo wiki hiyo na ukate tiketi ya ndege ya kutoka huko Maskati mapema kabla bei haijapaa. Mgosi, usikate. Najua ukijibiwa kwa mkato namna hiyo unaweza kukata kwa ubishi tu, kwa hiyo kaa nikueleze.

Hiyo ni tarehe ya kwenye karatasi. Ligi ina timu 16, kila moja mechi 30, na ukiitazama hivyo unaona hesabu nyepesi. Lakini msimu huu Bara tumepeleka timu nne Afrika: Yanga na Simba Ligi ya Mabingwa, Azam na Singida Black Stars Kombe la Shirikisho. Robo ya ligi nzima mguu mmoja uko kwenye ndege. Septemba na Oktoba ni raundi za awali, Novemba makundi yanaanza, halafu yanasimama kupisha AFCON ya Morocco, na mwaka mpya yakirudi yanarudi mfululizo. AFCON yenyewe ni Desemba 21 hadi Januari 18, na Taifa Stars wamo, kwa hiyo ligi lazima ipishe. Katikati hapo kuna uchaguzi mkuu Oktoba 29. Sasa wewe niambie, Coastal na Simba itakaa wapi humo bila kusukumwa? Itageuka kiporo, mechi ya kusogezwa mbele, na viporo vya ligi yetu hupashwa siku yoyote, hata Jumanne.

Na hapo sijagusa vituko. Unaikumbuka Mei 8, 2021? Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, ilikuwa ianze saa 11 jioni, siku ileile ikasogezwa mpaka saa 1 usiku. Yanga wakaja na saa 11 yao, wakaingia uwanjani, wakaondoka zao. Saa 1 ilipofika hapakuwa na mechi, na watu wengine walikuwa wametoka mikoani. Ikaja kuchezwa Julai 3. Machi 8 mwaka huu ikawa zamu ya Simba: wakasema wamezuiwa kufanya mazoezi Kwa Mkapa usiku wa kuamkia mechi, kwa hiyo hawachezi. Ikaahirishwa, ikasubiri mpaka Juni 25, Yanga akashinda 2-0 na kuchukua ubingwa hapohapo. Ungekuwa umetoka Maskati kwa ajili ya dabi ile ya Machi, ungekuja kufuturu na mama ukarudi kazini.

Sisi wadogo hatuna jeuri ya kugomea mechi, lakini tuna mambo yetu. Msimu uliopita Yanga na Simba wote tuliwapokea Arusha, Sheikh Amri Abeid, na kwenye karatasi tumeandikwa wenyeji. Wenyeji gani wanaolala hoteli? Simba akatupiga tatu mtungi, mshambuliaji wao Mukwala zote peke yake, na wewe ulikuwa umeshaanza kuuliza nauli ya Dar kwenda Tanga.

Siku ratiba ilipotoka, kijiwe chetu cha kahawa hakikukalika. Mzee mmoja wa Yanga, fundi cherehani, alikuja na kalamu anahesabu safari za ugenini, akithibitisha kwamba Simba wamepewa mteremko. Kijana wa Simba anayeuza vocha akaichukua karatasi ileile akathibitisha kwamba mteremko wamepewa Yanga. Karatasi moja, na kila upande umeibiwa! Wakahamia kwenye waamuzi, wakahamia kwenye viongozi, wakarudi kwenye mechi ya Sokoine, kwamba kwa nini wao waende Mbeya mvua ikiwa imeanza. Nikatumia nafasi watu walipokuwa wanapuliza kahawa nikauliza: jamani, Coastal tunaanza na nani? Wakanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya mkaa msibani.

Hapo ndipo tofauti yangu na wao ilipo. Wao ratiba wanaisoma kutafuta dhuluma, mimi naisoma kutafuta saa. Televisheni ndiyo inayopanga siku zetu sasa. Mkataba wa Azam Media, wenye televisheni, na TFF, shirikisho letu la mpira, wa mwaka 2021 ni wa miaka 10, Sh bilioni 225.6, na mtu akilipa fedha hizo lazima atake mechi zisigongane hewani. Ndiyo maana raundi moja inatawanywa siku tatu nne: moja saa 8 mchana, nyingine saa 10 jioni, nyingine saa 1 usiku, na siku nyingine mpaka saa 3 usiku. Kiwanja chenye taa kinapata usiku. Kisicho na taa kinapata jua la utosi.

Wenye timu kubwa wanalalamika, na wana haki yao. Mtu anakaa Bunju, mechi iko Chamazi saa 3 usiku, ikiisha ni karibu saa 5, daladala zimeshalala, bodaboda anakutajia bei akiwa anatazama pembeni. Mimi Chamazi ni jirani, napanda bajaji. Lakini hata ningekuwa Bunju nisingelia sana. Wewe unajua tulikotoka. Zamani mtu wa Tanga akihamia Dar, Coastal yake anaisikia kwenye matokeo tu, mwisho wa taarifa ya michezo, mtangazaji akiwa ameshachoka. Redio ilikuwa ya Simba na Yanga. Leo nakaa Mbagala namwona kipa wetu akipangua mpira Lake Tanganyika kule Kigoma, uwanja ambao sijawahi kuukanyaga na sidhani kama nitaukanyaga. Namwona Ruangwa, namwona Kirumba. Kwa mshabiki wa timu ndogo aliye mbali na kwao, hii ni neema, na nitabishana na yeyote pale kijiweni.

Bei yake inalipwa na walioko nyumbani. Mechi ya Coastal na timu isiyo na jina, Jumatano, saa 8 mchana, Mkwakwani! Watu wa bandarini wako kazini, watoto wako shule, wenye maduka ya barabara ya 12 hawafungi kwa ajili ya Prisons. Utaona kamera inahangaika kukwepa majukwaa. Inamfuata winga mpaka kwenye kibendera cha kona, halafu inageuka haraka kabla hujaona ngazi tupu nyuma yake. Nadhani hilo ndilo la kulalamikia, si safari za Mbeya. Siku wanayojaza ni siku ya Simba au Yanga, na hata hiyo nusu ya uwanja wanakuja kuwashangilia wageni, wengine ni majirani zetu wa Chuda na Makorora, tunawajua kwa majina.

Sasa utasema, kama unaiona Coastal yote kwenye televisheni basi unastarehe. Ngoja. Nyumbani king'amuzi kipo na kifurushi nalipia mimi, lakini saa 1 usiku rimoti si yangu. Hiyo ni saa ya tamthilia, na mama watoto hana mjadala. Kwa hiyo naenda kibanda umiza.

Banda letu lina skrini kubwa moja na runinga ndogo mbili pembeni. Kiingilio Sh 500, siku ya dabi Sh 1,000. Skrini kubwa ni ya Simba, Yanga na ligi ya Uingereza. Runinga ya kwanza pembeni ni ya mechi nyingine ya Uingereza. Ya pili, ile iliyo karibu na jiko la chipsi, ndiyo nimefanikiwa kuikomboa, baada ya kumnunulia mwenye banda soda mara kadhaa na kumkumbusha kwamba mama yake ni Mdigo. Masharti ni mawili: bila sauti, na siku Azam anapocheza naiachia.

Basi hali yangu ni hii. Macho yako Mkwakwani, masikio yako London. Beki wetu wa kulia anafuta mpira kwa jezi ili arushe, masikioni mtangazaji anapasua koo kwamba Arsenal wamefunga, benchi zima linaruka na mimi juu yake. Mara nyingine vinagongana vizuri. Siku moja straika wetu kapiga nje kabisa, mpira umekwenda kwa wauza machungwa, na sauti inasema ni bao la mwaka. Nikacheka mpaka chipsi zikapalia.

Kingine kilichonifurahisha: tukapata bao la dakika za mwisho, nikaruka peke yangu, banda lote likanigeukia. Kijana mmoja akaniuliza kwa huruma, “Mzee, mkeka umetiki?” Hakuwaza kabisa kwamba mtu anaweza kuishangilia Coastal bure! Na kusema kweli, wanaoijua ratiba yetu hapa mtaani ni mimi na wacheza mikeka ya kubashiri. Wao wanajua mpaka nani ana kadi tatu za njano.

Siku moja skrini kubwa ilikuwa yetu kweli. Julai 2, 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, pale Arusha, kwa sababu tulikuwa na Yanga. Unakumbuka ulivyonipigia baada ya bao la tatu la mshambuliaji wetu Sopu, unapiga kelele mpaka Wahindi uliokuwa unaishi nao wakakugongea mlango? Tatu kwa tatu, kisha penalti, tukafungwa, basi. Halafu Azam wakamchukua Sopu, kama Yanga walivyomchukua beki wetu Mwamnyeto 2020. Sisi tunalea, wao wanaoa. Ubingwa wetu wa ligi wa 1988 wanangu wananiuliza kama upo kwenye YouTube. Nimewaambia mimi na wewe tuliuona tukiwa juu ya ukuta wa Mkwakwani, na mlinzi mwenye fimbo chini. Hawaamini.

Turudi kwenye likizo yako. Mechi ya Simba iondoe akilini. Novemba usije, Desemba usije kabisa, utakuta watu wote wanatazama Morocco, na hilo unaweza kulifanya ukiwa Maskati. Omba mwisho wa Januari mpaka katikati ya Februari. Ligi itakuwa imerudi, Ramadhani itakuwa bado, maana inakuja kama Februari 18 hivi, na wewe najua unataka angalau siku chache za kula mchana na mama. Wakubwa watakuwa wanahangaika na makundi Afrika na viporo vyao. Sisi tutafute mechi yetu na mwenzetu asiye na pasi ya kusafiria: Mbeya City, Mtibwa, Prisons, yeyote yule. Hizo hazisukumwi hovyo, kwa sababu hakuna anayezihitaji kwa jambo lingine. Saa itabadilika, hilo lizoee, lakini siku ina nafuu ya kukaa.

Ukifika Dar unalala kwangu usiku mmoja, nikupeleke bandani uione runinga yangu ya jikoni, asubuhi tunapanda basi la Tanga. Mkwakwani utachagua pa kukaa unapotaka, nafasi zitakuwepo. Na kama Simba wakiangukia humohumo kwenye siku zako, basi ni riziki yako, tutajibana nao.

Haluwa usisahau, ile nyeusi yenye lozi, na mama watoto anauliza kuhusu udi aliokuagiza Idd iliyopita. Mimi niletee jezi ya timu ya kwenu huko yenye rangi nyekundu, nikaivae siku ya Yanga niwachanganye.

Msalimie Seifu ukimwona, mwambie deni la penalti zile za Arusha bado naliandika.

Ni mimi mgosi wako,
Rajabu

N.B. Tiketi ukishakata, tarehe ya kurudi iache wazi kama wanaruhusu. Nikisikia mabadiliko ya ratiba nitakupigia kabla hujamwambia bosi wako.