Kwa waelekezi na makocha wote: kabla ya Jumamosi ya Karura

Hamjambo wenzangu. Jumamosi tunapeleka watoto msitu wa Karura, hapa Nairobi, na kuna jambo nataka tukubaliane kabla hatujafika langoni: picha.

Najua wadhamini wanazitaka, na mtoto anayecheka pale kwenye maporomoko huvutia wazazi wengine. Lakini kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Sura yake ni taarifa yake. Kwa hiyo ambaye hana fomu iliyotiwa saini hapigwi picha, hata kama mamake ni rafiki yako wa miaka mingi. Na mwenye fomu akikataa siku hiyo, mwacheni. Mtoto wa miaka tisa anajua anapoona aibu, na saini ya mzazi haimlazimishi kutabasamu. Hili ndilo naliona zito zaidi, tafadhali mlishike. Wala picha zisiende kwenye status zenu.

Mvua ikiwa kubwa, kiongozi wa kundi ndiye anaamua kuahirisha, si aliyelipia basi. Nitamuunga mkono.

Mzazi akikupa bahashishi, mwambie mweka hazina siku hiyo hiyo.

Maswali yaleteni hapa kufikia Alhamisi jioni. Yanayomhusu mtoto fulani, nitumieni mimi peke yangu, jina lake lisitajwe kikundini.