Kompyuta kuukuu msizitupe, tupeni sie

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum, naomba kinafasi kidogo tu.

Mie nipo Wete, mwaka wa pili huu najifunza kuandika draiva za kadi ya mtandao, yaani programu za kuiendesha hiyo kadi, kwenye mfumo wa kompyuta wa Linux, zile zinazoingia ndani ya kerneli kabisa, ndo kiini cha mfumo wenyewe. Barazani naulizwa ati hiyo inalipa, si utengeneze app kama wenzio. Haya, lakini shida yangu si hiyo, shida ni mashine. Programu ya kawaida ukikosea pointa, yaani anwani ya kitu ndani ya memori, inajifunga yenyewe yameisha, draiva ukikosea vilevile kompyuta nzima inaweza kuganda na kazi hujaisevu ndo ishapotea. Na laptopu yangu ni hii hii moja nachapia kazi za watu, sasa nijaribie wapi?

Ipo QEMU, kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, ina kadi ya Intel e1000 ya kuigiza pia, imenifaa sikatai. Huko ndo nilikofahamu kuwa kadi inapokea pakiti, vile vifurushi vya data, kama madumu bombani, draiva inapanga madumu matupu kwenye memori, kadi inajaza, draiva inatoa lililojaa inarejesha tupu. Mie nikasahau kurejesha. Ping, kile kipimo cha kutuma pakiti na kusubiri jibu, ikaenda vizuuri, ilipofika pakiti ya 255, kimya! Siku tatu nalaumu waya, waya gani na kadi yenyewe ya kuigiza, kumbe nimepanga nafasi 256 za madumu na moja lazima iachwe, zikijaa nyengine zote kadi haina pa kumimina.

Ila kadi ya kweli ina vituko vyake, waya umelegea, spidi inashuka kutoka megabiti 1000 kwa sekunde mpaka 100 wakati pakiti zapita, hayo QEMU haikuoneshi.

Juzi nikapita nyuma ya ofisi moja, kompyuta za mezani kama sita zimerundikwa zanyeshewa, moja iko wazi na kadi naiona kwa macho yangu. Mlinzi ananambia zasubiri gari ya taka. Jamani! Diski toeni kama zina siri zenu, mashine zipelekeni skuli au tupeni sie tunaojifunza, hata memori ya giga 2 yatosha. Mie nahitaji mbili tu, moja ya kuigandisha kwa makosa ya draiva yangu, na ya pili iunganishwe kwa waya isome mwenziwe kaandika nini kabla hajazima.

Mwanafunzi wa draiva,
Wete, Pemba